Tarakimu 1 mpaka 9 ukizichanganya unaweza kupata namba tasa? Soda mbili ziko hatarini

mwana_mikindani:
Wakuu kwema? Juzi tuko ghalani Tandahimba tunasubiri korosho zipimwe, foleni haisogei, binamu yangu akaanzisha ubishi eti ukichukua tarakimu 1 mpaka 9 zote, kila moja mara moja tu, ukazichanganya weee lazima utafika mahali upate namba tasa, yaani ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mi nikasema haipo, ila ukweli nilibisha tu sina ushahidi. Tukawekeana soda mbili. Nikaanza na 123456789 kwenye kalkuleta ya karani, ile ndogo ya nafasi nane, ile 9 ya mwisho haiingii hata uibonyeze vipi 😂 Nisaidieni jamaa ananisumbua kila siku.

TichaMstaafu:
Soda zako kunywa tu kijana wangu. Jumlisha 1 mpaka 9 unapata 45, na 45 inagawanyika kwa 9. Sasa angalia, 10 ukiigawa kwa 9 inabaki 1, 100 inabaki 1, 1000 hivyohivyo, kwahiyo hata ukiihamisha 4 toka kwenye mamoja ukaipeleka kwenye mamilioni, ukigawa kwa 9 inabaki 4 ileile, ndo maana kupanga upya hakumsaidii. Mipangilio iko 362,880 na yote inagawanyika kwa 9. Asijaribu hata mmoja.

Mmakonde_halisi:
Shikamoo Ticha. Mi hiyo 123456789 nishawahi kuichambua, ni 3 × 3 × 3607 × 3803. Zile 3 mbili zinatoka chap, inabaki 13,717,421, hapo ndo utalia, unajaribu 7, 11, 13 unaendelea, hakuna inayoingia mpaka ufike 3607. Nilifanya na simu umeme umekatika, nilivyoipata nikapiga kelele wife akajua nyoka. Halafu izidishe kwa 8 ujumlishe 9 uone, inakuja 987654321, yaani imegeuka kinyumenyume.

binti_wa_Lindi:
Kwa kalkuleta ya karani ruka 8, andika 12345679 uzidishe kwa 8. Inakuja 98765432, kioo kinajaa kamili. Ukizidisha kwa 9 ndo inagoma maana jibu ni 111111111, moja tisa hazienei humo.

mwana_mikindani:
Shikamoo Ticha, nimemuonyesha hiyo ya 45 kanywea. Sasa kabadilisha, anasema basi tutoe 9, tutumie 1 mpaka 8, na soda ziwe nne. Niingie?

TichaMstaafu:
Marahaba. Ingia. 1 mpaka 8 jumla 36, inagawanyika kwa 9 tena. Ila akishuka 1 mpaka 7 kimbia, jumla ni 28 na hapo zipo, kubwa kuliko zote ni 7652413, na hiyo kwenye kalkuleta ya karani inaenea.