Mazoezi ya kuchanganya dawa ya unga ya watoto: nitumie nini badala ya dawa halisi?

Mkufunzi_Maabara:
Wakuu, naomba mawazo. Nina wanafunzi 24 wa famasia, maabara moja, saa mbili. Hesabu za dozi kwenye karatasi wanazimudu. Mpe chupa ya amoksilini ya unga sasa: anapima maji ml 100 kwa kuwa lebo inasema ml 100 (huo ni ujazo wa dawa ikishachanganywa), anayamwaga kwa mkupuo, unga unaganda kitako cha chupa. Dawa halisi sitaki. Ni upotevu, na amoksilini ni jamii ya penisilini, mwenye mzio wa penisilini asivute vumbi lake.

Kinu_na_Mchi:
Sukari na wanga vinatosha. Chukua chupa za ml 150, pima maji ml 100, yatie ndani, bandika utepe usawa wa maji, kisha mwaga na ukaushe kabisa (chupa ikibaki na unyevu, unga unashikana kabla ya zoezi kuanza). Weka gramu 30 za sukari iliyosagwa laini na gramu 5 za wanga wa mahindi. Sukari itayeyuka, wanga utatuama, nao ndio utakaowafundisha kwa nini tunasema "tikisa kabla ya kutumia".

Duru ya kwanza waache wakosee. Atakayetia maji ml 100 ataona utepe umezama, kimiminika kimeupita kwa takriban ml 22. Hapo hapo apige hesabu: kama chupa ingekuwa na mg 2,500, yaani mg 125 kwa kila ml 5, sasa zimesambaa kwenye ml 122, na kipimo cha ml 5 kina mg 102 tu. Mtoto anapewa dozi pungufu kila siku na hakuna anayejua.

Duru ya pili: gongagonga chupa mpaka unga uachie, tia karibu nusu ya maji, funga, tikisa, ipindue utazame kitako. Hakuna bonge? Malizia maji hadi kwenye utepe, povu litulie, ndipo usome utepe. Silinda ya kupimia maji ikae mezani, jicho liwe usawa wa sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji. Wakumbushe kwamba kwenye dawa halisi kiasi cha maji ni kile cha lebo ya mtengenezaji huyo, na maji yawe yamechemshwa na kupoa kabisa.

Mkufunzi_Maabara:
Nimekuelewa vizuri, asante sana. Wanaosubiri zamu je?

Dirisha_la_Dawa:
Wasiwepo wa kusubiri. Makundi 8 ya watatu: mtoa dawa, mzazi, mtazamaji mwenye orodha ya hatua za kukagua. Dakika 15 za maelekezo, duru tatu za dakika 25, dakika 30 za mjadala. Orodha isizidi vipengele 8, la sivyo mtazamaji anatazama karatasi badala ya mikono ya mwenzake.

Tega kosa kwenye cheti kimoja cha dawa: parasetamo ya mg 120 kwa ml 5, mtoto wa kilo 8, kimeandikwa ml 10. Kwa mg 15 kwa kilo anastahili mg 120, yaani ml 5. Cheti kinampa maradufu. Usitege ml 50, kila mtu ataishtukia.

Na "umeelewa?" lisihesabike kama maelekezo. Mzazi ashike bomba la kupimia, avute ml 2.5 mbele ya mtoa dawa. Wengi husoma ncha ya pistoni badala ya ukingo wake unaogusa dawa. Kwenye mjadala, mtoa dawa aseme kwanza alichokiona, kisha mtazamaji, wewe uwe wa mwisho.