Ukiambiwa Mombasa hadi London ni masaa manane, usitoe pesa kwanza!

Jamani, nina hasira hata sijui nianzie wapi.

Mamangu ana miaka 71, ana sukari, na alikuwa hajawahi kupanda ndege. Januari tukamkatia tiketi aende London kumwona mjukuu. Tuliingia ofisi moja ya tiketi hapa mjini. Kijana wa mezani akaandika Mombasa na London kwenye kompyuta, akatugeuzia kioo: kilomita 7,200, masaa manane. "Mama, utasinzia kidogo, ukiamka umefika." Mamangu akamwombea dua palepale.

Uongo mtupu! Hizo kilomita 7,200 ni mstari ulionyooka kwenye ramani, ukagawanywa kwa mwendo wa ndege, kama 900 kwa saa. Mstari huo sio aliokatiwa mamangu. Yeye alipelekwa Nairobi, kisha Dubai, ndipo London. Nairobi hadi Dubai ni kama kilomita 3,500, Dubai hadi London kama 5,500. Kazungushwa zaidi ya kilomita 2,000, na hapo Nairobi kuna ndege za moja kwa moja hadi London, karibu saa tisa tu! Hatukuambiwa.

Na tiketi yenyewe itakupoteza usipojua kuisoma. Kuondoka Alhamisi 16:00, kufika Ijumaa 17:30. Ukitoa unapata saa 25 na nusu. Lakini kila saa iliyoandikwa ni ya mji wake, na London wakati wa baridi iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa saa ya Mombasa alifika saa mbili na nusu usiku. Saa 28 na nusu! Feri ya Likoni na kukaa Changamwe kungoja ndege sijatia.

Sisi tulimfungia safari ya masaa manane. Mkobani alikuwa na dawa za mara moja, nyingine zote zimo kwenye sanduku kubwa lililopitilizwa hadi London. Dubai alikaa zaidi ya saa tisa, hajui amuulize nani. Dadangu alinitumia picha alipompokea: mama kwenye kiti cha magurudumu, miguu imevimba, makubadhi kayapakata kwa sababu hayaingii tena. Nililia.

Nikarudi ofisini. Kijana ananijibu eti masaa ya hewani ni yale yale, mengine ni mapumziko. Yale yale yapi? Saa moja hadi Nairobi, tano hadi Dubai, saba na nusu hadi London. Hewani peke yake ni kumi na tatu na nusu!

Tiketi ya kurudi ni njia ile ile, mwezi ujao. Nimeomba wambadilishie apande ya moja kwa moja hadi Nairobi. Wanataka niwalipe faini ya kubadilisha. Kuna yeyote hapa aliyewahi kufanyiwa hivi akarudishiwa pesa zake? Aniambie alipitia wapi.