Mafundi wanabadilisha pedi tu: nani atatafuta chanzo cha breki kufeli kwenye Hilux inayovuta tela?

Wakuu, salaam. Nimeandika uzi huu nikiwa nimechoka na nimekasirika, ila nitajitahidi kueleza kwa utaratibu kwa sababu jambo lenyewe linahusu roho za watu barabarani.

Nina Toyota Hilux ya dizeli, toleo la zamani kidogo lisilo na ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge), yenye breki za diski mbele na za dramu nyuma. Kazi yake ni kuvuta tela la nyanya kutoka Ilula, kushuka Mlima Kitonga, hadi Morogoro. Kila ikifika katikati ya mteremko, hata ikiwa kwenye gia namba mbili, pedeli ya breki huanza kulegea, kisha huzama karibu na sakafu, na harufu ya kuungua hujaa ndani ya gari. Ikipumzishwa chini ya mlima kwa muda, pedeli hurudi kuwa ngumu kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana gari likifika gereji kesho yake likiwa limepoa, fundi hukanyaga pedeli, hutamka kwamba breki ziko vizuri, hufungua magurudumu ya mbele, hunionyesha pedi (vibao vinavyobana diski) zilizoliwa na kuniuzia nyingine. Uchunguzi wote huishia hapo, na baada ya muda mfupi tunarudi kulekule.

Kinachonikera zaidi ni kwamba dalili ya tatizo inaonekana bila kifaa chochote. Tukisimama Ruaha Mbuyuni, rimu za mbele zinatoa joto ambalo utingo hawezi kusogeza mkono karibu, ilhali rimu za nyuma anazishika bila wasiwasi. Maana yake ni kwamba breki za mbele zinasimamisha gari, mzigo na tela peke yake, na za nyuma zimekaa tu kama abiria. Nimelisema hili kwenye gereji zaidi ya moja, na kila mahali nimejibiwa kwamba ni kawaida breki za mbele kufanya kazi kubwa. Ni kweli zinafanya kazi kubwa kuliko za nyuma, lakini haiwezekani nyuma kuwe na ubaridi kiasi hicho wakati sehemu kubwa ya mzigo imekaa juu ya ekseli ya nyuma.

Chanzo kipo, na kinajulikana. Chini ya bodi, kwenye chasisi karibu na ekseli ya nyuma, Hilux za aina hii zina vali ya kugawa presha ya breki kulingana na mzigo, iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo ndefu. Gari likiwa tupu, bodi hukaa juu, na vali hupunguza presha inayokwenda nyuma ili matairi yasijifunge na gari likageuka. Likipakiwa, bodi hushuka, fimbo husukumwa juu, na vali huruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Sasa gereji iliyoniongezea majani ya springi ili gari libebe zaidi ililiinua nyuma na kulikabidhi bila kuigusa fimbo hiyo. Tangu siku ile, hata bodi ikijazwa matenga hadi juu, vali inaamini gari ni tupu. Nilipowarudia, mwenye gereji aliniuliza ni vali gani hiyo ninayoizungumzia. Mtu anachukua pesa ya kubadilisha mfumo unaobeba gari, halafu hajui kwamba mfumo huo umefungamana na breki!

Fundi mwingine, ambaye angalau alikuwa anaifahamu, alishauri tuiondoe kabisa na kuunganisha bomba moja kwa moja. Nilikataa. Ukifanya hivyo, gari likiwa tupu na barabara ikiwa imelowa, magurudumu ya nyuma yatajifunga kabla ya ya mbele na gari litajizungusha. Ufumbuzi wa kitaalamu ni kurekebisha urefu wa fimbo kulingana na kimo kipya, kupima presha ya mbele na ya nyuma kwa geji mbili, na kutoa upepo kwenye mfumo mzima, pamoja na kwenye vali yenyewe ambayo ina nati yake ya kutolea upepo. Kabla ya hapo yafunguliwe madramu, kwa sababu shuu (vibao vinavyosukuma dramu kwa ndani) zilizoachwa mbali na dramu au wili silinda (silinda ndogo inayozisukuma shuu) iliyoganda huleta ubaridi uleule.

Suala la mafuta ya breki nalo linachukuliwa kimzaha. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa kuhimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingia maji kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 140 tu. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka ndani ya kaliper (kifaa chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski) hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke unabanika, mguu unaubana mvuke huo badala ya kusukuma pistoni. Hiyo ndiyo pedeli inayozama mlimani na kurudi ikipoa. Pedi zilizopata moto kupita kiasi zina dalili tofauti: pedeli inabaki ngumu, ila gari halisimami. Fundi ambaye hamuulizi dereva pedeli ilikuwaje mlimani atatibu ugonjwa gani? Mimi nimekuta chupa iliyofunguliwa, isiyo na kifuniko, imewekwa juu ya meza ya gereji, na ndiyo waliyokuwa wakitaka kunijazia.

Halafu kuna mafundi wa kuchomelea matela. Hilux nyingi zimewekewa na mtengenezaji kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake, na Ulaya tela linalozidi uzito huo halitakiwi kuwa barabarani bila breki. Tela langu lilichomelewa likiwa na ekseli, springi na taa, na aliyelichomelea aliniapia kwamba linabeba tani moja bila shida. Kubeba linabeba, kusimama halijasimama hata siku moja, maana kila kilo yake inasimamishwa na gari. Pigeni hesabu wenyewe: gari na tela vyenye jumla ya tani tatu na nusu vikishuka kimo cha mita 100, breki zikiachiwa kazi yote, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha ndoo ya maji ya lita 10. Kitonga ni zaidi ya mita 100, na joto hilo lote linaingia kwenye diski mbili za mbele. Breki za tela zinazojifunga zenyewe pale tela linaposukuma ndoano ya gari zipo na hazihitaji umeme wala kompyuta, lakini kila fundi ninayemuuliza ananijibu kwamba hakuna anayefunga vitu hivyo.

Tela nimeliegesha, na nyanya zinakwenda kwa fuso la kukodi, jambo linalokula faida yangu yote. Gereji iliyoongeza majani ya springi naitaka irekebishe fimbo ya vali kwa gharama yake au inirudishie pesa. Kwenu wakuu, ninaomba mtu anayeifahamu gereji yenye geji za kupimia presha ya breki kati ya Iringa na Morogoro anitajie, pamoja na fundi aliyewahi kufunga breki kwenye tela la ekseli moja na ambaye kazi yake inaweza kuonekana. Wa kuniuzia pedi ninao wa kutosha.