Naomba ushauri: Je, nihamishie ghala langu Kurasini, karibu na bandari?

Mpanga Katoni

Salaam wanajukwaa. Ninaagiza vigae vya sakafuni, na kila mwezi hupokea makontena mawili ya futi 20 kupitia Bandari ya Dar es Salaam. Nimeonyeshwa godauni Kurasini, dakika chache kutoka bandarini, na mwenye nalo anataka jibu kabla ya Ijumaa. Kwa miaka mitano nimekuwa nikilipia malori yanayokwama kwenye Barabara ya Mandela, na nimechoka kusikia kwamba kontena langu limeshatoka getini lakini limelala njiani. Kodi ya Kurasini ni kubwa kuliko ninayolipa sasa, ila naamini nitakachookoa kwenye usafiri kitaifidia. Wiki nzima sijapata usingizi. Naombeni mnieleze kama kukaa jirani na bandari kuna faida ninayoitarajia.

Baharia Mstaafu

Kijana wangu, chukua godauni hilo bila kusita. Nimefanya kazi melini miaka mingi, na bandari niliyoipenda kwa mpangilio ni Rotterdam, kule Uholanzi, ambako walitenga maeneo ya maghala ndani ya eneo lenyewe la bandari, pale Eemhaven, Botlek na Maasvlakte, ili mzigo ufunguliwe, ugawanywe na upakiwe upya bila kwanza kuzunguka mjini. Siku moja niliona kontena likifunguliwa asubuhi, na kabla jua halijazama mzigo wake ulikuwa umeondoka kwa malori matatu yaliyoelekea nchi tatu. Tulikuwa tumekaa na wenzangu juu ya sitaha tukisema kwamba Dar es Salaam nayo ingefaa kupangwa hivyo. Miaka ile mdogo wangu alipewa nafasi ya kununua kiwanja Kurasini akakataa, na mpaka leo anajuta.

Mama Fuso

Shikamoo Baharia. Kwa heshima zote, sehemu kubwa ya mzigo wa Rotterdam huendelea Ujerumani na kwingineko, kwa hiyo ghala la pale ni kituo cha katikati ya safari ndefu. Ndugu yetu hajatuambia vigae vyake vinaishia wapi. Ninamiliki Fuso mbili na ninaishi kwa kusambaza saruji na mabati, hivyo naomba ajibu jambo moja kabla hatujamshauri: wateja wako wako wapi?

Mkazi wa Temeke

Kabla ya hesabu za fedha, naomba tuwakumbuke wanaoishi kando ya njia hizo. Kurasini yalikuwa makazi ya watu, na sehemu yake ilitwaliwa kwa fidia ili kupisha biashara na bandari. Sisi tuliobaki jirani tunaishi na malori yanayoegeshwa mbele ya milango yetu, taniboi akichemsha chai chini ya trela huku watoto wakipita katikati ya matairi kwenda shule. Mfanyabiashara anayehamia huku ana wajibu wa kuhakikisha lori linasubiri ndani ya uzio wake. Je, godauni hilo lina uwanja wa kugeuzia semi-trela?

Mpanga Katoni

Nawashukuru wote. Uwanja upo, na semi-trela inageuka kwa shida kidogo lakini inageuka. Mama Fuso, wateja wangu wametawanyika mjini kote.

Mama Fuso

Kaka, hilo halijanijibu. Taja maduka mangapi yako barabara ipi.

Mpanga Katoni

Haya, nitasema. Ninauzia maduka 34. Kati ya hayo, 25 yapo kando ya Barabara ya Bagamoyo, kuanzia Mwenge hadi Bunju, sita yapo Kimara na Kibaha, na matatu yapo Mbagala. Stoo yangu ya sasa ipo Tegeta, kando ya barabara hiyohiyo ya Bagamoyo. Sikuyataja mwanzoni kwa sababu nilijua mazungumzo yangehamia huko, ilhali ninachotaka kujua ni habari ya bandari. Niseme pia kwamba nimeshalipa kodi ya miezi mitatu, ingawa mkataba wa mwaka sijausaini.

Uamuzi wangu hata hivyo haukuwa wa kukurupuka. Barabara ya juu ya Mfugale ilipofunguliwa pale Tazara mwaka 2018, na ile ya Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, safari za Mandela zilianza kutabirika kuliko zamani. Ujenzi wa awamu ya nne ya mabasi yaendayo haraka umeibana Barabara ya Bagamoyo, lakini ujenzi huisha, na bandari haihami. Nikiwa Kurasini nitaweza kufika kwa wakala wangu wa forodha kwa miguu, na kontena tupu nitalirudisha siku hiyohiyo badala ya kulipia siku za ziada.

Mwanafunzi wa Mipango Miji

Naona mnalijadili godauni moja bila kutazama mpango mzima wa mizigo. Bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ilizinduliwa Julai 2025, nayo imeunganishwa na reli ili makontena, hasa yale ya nchi jirani kama Zambia, Kongo, Burundi na Rwanda, yaondoke gatini kwa treni na malori yake yapakie nje ya jiji. Wenzetu wa Los Angeles walijenga njia ya reli ya Alameda Corridor, yenye urefu wa kilomita 32, ikafunguliwa mwaka 2002 kwa lengo kama hilo. Hata hivyo, maghala mengi ya kule yalihamia mbali upande wa bara kufuata ardhi ya bei nafuu, na malori yakawa na safari ndefu zaidi kuyafikia. Kwa maoni yangu, mzigo wa nchi jirani ukihamia Kwala, ardhi ya Kurasini ndiyo inayofaa kwa mzigo wa Dar es Salaam yenyewe, na ndugu yetu atakuwa amewahi.

Jicho la Mtaa

Wanajukwaa, mimi sioni mwagizaji wa vigae hapa. Godauni la Kurasini lenye uwanja wa semi-trela, lililo dakika chache kutoka bandarini, na jibu linatakiwa kabla ya Ijumaa: hayo ni maneno ya dalali neno kwa neno. Tena, mtu anayeuzia maduka 25 Barabara ya Bagamoyo na stoo Tegeta aende kulipa kodi Kurasini kwa sababu gani? Hadithi hii imetungwa ili tulizungumzie godauni mpaka mpangaji ajitokeze. Wasimamizi wauangalie uzi huu.

Mkazi wa Temeke

Nami nilishangaa swali langu la uwanja lilivyojibiwa haraka. Madalali wametuumiza mno mtaani kwetu.

Mpanga Katoni

Mmeniumiza, lakini nitajibu. Dalali angeweka bei na namba ya simu, nami sijaweka hata kimoja.

Jumanne iliyopita kirikuu yangu, kile kigari kidogo cha mizigo, ilipakia katoni 25 pale Tegeta kwenda Boko, kila katoni ikiwa na kilo 28. Utepe wa njano unaofunga katoni hulegea kwenye kona kila gari linaporuka tuta, na kigae cha juu huanza kupasuka kwenye kona hiyohiyo, kwa hiyo kijana wangu hukunja kipande cha boksi na kukichomeka chini ya utepe. Siku hiyo alikuwa amekisahau. Mwenye duka alizifungua katoni moja moja, akagonga kila kigae kwa ukucha akisikiliza mlio, akazirudisha katoni tatu. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Nililipa Kurasini kwa sababu mwezi wa sita kontena langu lilichelewa kutoka, nikatozwa gharama za hifadhi zilizomeza faida ya mwezi mzima. Nilipoonyeshwa godauni wiki iliyofuata, nililipa siku hiyohiyo.

Jicho la Mtaa

Habari ya kugonga kwa ukucha inajulikana kwa aliyewahi kupokea mzigo huo. Nafuta nililosema kuhusu udalali, na naomba radhi. Hata hivyo, gharama za hifadhi zilitokana na nyaraka zako kuchelewa au na umbali wa ghala?

Mpanga Katoni

Nyaraka.

Mama Fuso

Basi tuendelee, kaka yangu, maana tumefika penyewe. Kontena lako la vigae lina kama tani 27, na kirikuu hubeba takribani kilo 700. Kwa makontena mawili, hizo ni safari zaidi ya 70 kila mwezi. Leo safari hizo zinaanzia Tegeta na nyingi ni fupi, huku semi-trela ikivuka jiji mara mbili tu. Ukihamia Kurasini utaziondoa hizo mbili, na kirikuu zako zitavuka jiji zima mchana, zikipigana na foleni ileile uliyokuwa ukiikimbia.

Faida ya kurudisha kontena tupu upesi ni ya kweli, na siipuuzi. Ukitaka kuipata, shusha Kurasini, kisha uhamishe mzigo kwa Fuso ya tani 7 usiku, ambazo ni safari nane kwa mwezi, na stoo ya Tegeta uibakize kwa usambazaji. Kwa kazi hiyo huhitaji godauni zima. Kabla ya Ijumaa, panda gari upime njia mwenyewe, usiku na asubuhi.

Mpanga Katoni

Nimerudi. Jana usiku nilikaa ndani ya Fuso ya kukodi. Tuliondoka Kurasini saa nne na dakika arobaini, na saa tano na nusu tulikuwa Tegeta. Leo asubuhi niliondoka na kirikuu saa mbili kwa njia ileile, tukatumia saa mbili na dakika ishirini, na dereva alizima injini mara nne.

Barua ya kuiacha stoo ya Tegeta nilikuwa nimeshaiandika, na bado ipo kwenye droo ya gari. Mchana huu nimempigia mwenye godauni nikamwomba anikatie theluthi moja, upande wa mlango mkubwa, na kodi niliyolipa aihesabie hapo. Ameniambia atafikiri. Ijumaa ni keshokutwa.