Kahawa ya kumimina kwa mkono inatoka chachu, nirekebishe nini?

Wakuu, habari zenu. Natumia koni ya kauri na chujio la karatasi, kahawa gramu 15 kwa maji gramu 240. Maji yanapita yote kwa dakika moja na nusu, kikombe kinatoka chepesi halafu kichachu. Kahawa yenyewe imekaangwa kidogo. Tatizo ni maji au usagaji?

Jibu: Usagaji, mkuu. Muda huo ni mfupi mno. Uchachu ndio hutangulia kutoka, utamu hufuata, uchungu huja mwisho. Maji yako yanaondoka kabla ya utamu. Saga laini zaidi kidogo, ulenge dakika 3 hivi. Vipimo vingine usiviguse kwanza.

Jibu: Naongezea. Mimina kwanza kama gramu 40 tu, usubiri sekunde 30 hadi 45, na uutazame unga. Kahawa iliyokaangwa karibuni inaumuka, mapovu yanapasuka juu: ni hewa ya kaboni inatoka. Ukimwaga maji yote kwa mkupuo, hewa hiyo inayazuia yasiloweshe unga sawasawa. Na karatasi isuuze kwa maji ya moto, mimi hilo siliachi kamwe. Ladha ya karatasi inaondoka na koni inapata joto.

Muulizaji: Asanteni sana. Maji niyapoze kidogo yakishachemka?

Jibu: Hapana, usiyapoze. Kahawa ya kukaangwa kidogo haitoi ladha kirahisi, inataka nyuzi 95 au zaidi. Kupoza waachie wenye kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi.