Notisi ya kubomoa siku 30, notisi ya kushtaki siku 90: pengo hili linazibwaje?

Wakuu, naomba ushauri, hasa wanaojua sheria za ardhi Tanzania. Uzio umepigwa X nyekundu na getini imebandikwa notisi ya halmashauri: bomoa ndani ya siku 30, umejenga bila kibali. Muhuri upo, tarehe ipo, kifungu cha sheria hakuna. Kibali cha ujenzi kipo, na risiti ya malipo ipo.

Barua ya pingamizi haina shida: nakala mbili, kibali, ramani na risiti viambatane, na nakala yako igongwe muhuri wa masijala (bila huo watasema hawakuiona). Kazi iko mahakamani. Tangu marekebisho ya sheria ya 2020, halmashauri nayo haishtakiwi kabla ya notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tingatinga halisubiri siku 90!

Najua mawakili huomba zuio la muda Mahakama Kuu, lile la Mareva (linaloombwa kabla ya kesi kufunguliwa), huku notisi ya siku 90 ikiendelea kuhesabiwa. Mliowahi kuliomba: kwenye kiapo mliambatanisha nini zaidi ya notisi na picha za X? Na ofisa mipango miji akikubali kuja kupima upya, zile siku 30 zinasimama, au mwenye uzio adai kwanza barua ya kuzisimamisha?