Optane ya mtumba, SSD mpya, au nisubiri MRAM?

Kijanabodi: Wakuu, seva yangu inakokota miguu. Nimepata Optane ya mtumba, ile hifadhi ya kasi ya Intel, na kwa pesa hiyohiyo napata SSD mpya ya aina ya NVMe yenye nafasi kubwa zaidi. Jamaa mmoja ananiambia nisubiri MRAM, memori inayotunza data kwa sumaku, eti itachukua nafasi ya RAM na diski kwa pamoja. Nichukue ipi?

FundiWaya: Mkuu, seva ya kazi gani? Prosesa ipi? RAM kiasi gani? Na hiyo Optane ni ya M.2, yaani kadi nyembamba ya diski, au ile ya umbo la RAM?

Bitimbili: Chukua Optane, fumba macho. Kwa usomaji wa vipande vidogo vidogo, Optane ya modeli ya 905P inajibu ndani ya takriban mikrosekunde 10. Fleshi ya kawaida, ile ya ndani ya SSD, hapo haioni ndani. Na haichakai ovyo.

Nyaraka: Ikifa, nani atakupa nyingine? 2015 Intel na Micron walitangaza teknolojia iliyo ndani ya Optane, eti kasi hadi mara 1,000 ya fleshi. Micron wakajitoa 2021, Intel wakafunga virago 2022.

MamaSeva: Ngojeni niwasimulie. Nilinunua Optane nne za umbo la RAM, GB 128 kila moja, bei ya kutupa. Zinaingia kwenye tundu la RAM ya DDR4 utadhani zimezaliwa hapo. Nawasha: feni zinavuma, kioo cheusi. Nikachomoa, nikasugua miguu yake kwa kifutio, nikarudisha. Usiku kucha! Kumbe zinataka prosesa ya Intel Xeon Scalable ya kizazi cha pili, tena na RAM ya kawaida pembeni. Yangu ya kizazi cha kwanza. Muuzaji akanijibu mzigo ukishatoka haurudi.

Bitimbili: Hilo kosa la kutosoma, dada, usiisingizie Optane.

MamaSeva: Nani dada yako?

Nyaraka: Turudi kwenye MRAM. Ipo sokoni miaka mingi. Kampuni ya Everspin wana chipu ya gigabiti 1, yaani MB 128. Ukitaka GB 64, ni chipu 512. Hesabu mwenyewe. HP nao 2008 walitupa matumaini hayohayo na memrista, kijenzi kinachokumbuka hali yake hata umeme ukikatika.

Kijanabodi: Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ni hifadhidata ya Postgres. RAM GB 8.

FundiWaya: GB 8?! Na muda wote huu tunagombania Optane! Ongeza RAM kwanza, data isomwe humo badala ya diskini. DDR ngapi?

Bitimbili: Hata akiongeza, kuandika bado kutasubiri diski.

MamaSeva: Kuna anayezihitaji zile nne?

Bitimbili: Nitumie picha ya lebo faraghani.